Mada: Mama anakuja Brussels, nimpeleke wapi?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mama anatoka Tanga mwanzoni mwa Julai, atafikia kwangu Gent. Anataka siku mbili za Brussels: kuona mji na kununua zawadi za shangazi zangu. Magoti yanamsumbua, kutembea sana hawezi. Mnaokaa huko naomba msaada.

-----

Marahaba mdogo wangu, na mama karibu sana. Amechagua wakati mzuri, mapunguzo ya bei ya kiangazi huanza mwanzoni mwa Julai. Nguo na viatu ni Rue Neuve, lakini muwahi asubuhi maduka yanapofunguliwa. Ikifika saa nane mchana ni kusukumana tu.

Shukeni stesheni ya Bruxelles-Central, Grand-Place, uwanja mkuu wa zamani wa mji, ipo karibu. Mwonyeshe mnara wa ukumbi wa jiji, kisha zile nyumba zenye dhahabu: mizinga ya Wafaransa iliteketeza karibu zote mwaka 1695, vyama vya mafundi na wafanyabiashara vikazijenga upya kwa miaka michache. Mvua ikianza, ingieni Galeries Saint-Hubert, uchochoro wa maduka ulioezekwa kwa vioo tangu 1847.

Chokoleti nunua kwa akili. Zenye krimu ndani usimfungie. Niliwahi kumpelekea dada yangu Morogoro boksi zima, likafika bonge moja, na roho iliniuma. Chukua za vipande vikavu.

Vitenge ni Matonge, mtaa wa Waafrika, metro Porte de Namur, uingie Chaussée de Wavre. Hapo mama atasikia Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi, na ataona kisamvu, ila wenyewe wanakiita sombe au pondu. Kitenge cha Uholanzi mwambie akikunjue, asome maandishi ya kwenye pindo, halafu ageuze upande wa nyuma: rangi iwe imekolea pande zote mbili. Kikipauka nyuma, asilipe bei ya Uholanzi. Hapo hapo pana uwanja wa Patrice Lumumba, uliopewa jina lake tarehe 30 Juni 2018.

Lakini nakuomba, siku ya pili nzima mpe Tervuren, kwenye makumbusho ya Afrika. Wageni wetu wengi wanaondoka hawajafika, muda umeishia madukani. Tramu namba 44 kutoka Montgomery inapita msituni mpaka mwisho, mama atakaa kitini njia nzima. Jumatatu makumbusho yamefungwa.

Mwaka 1897 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alileta Wakongo 267 huko, wakawekwa kwenye vijiji vya maonyesho ili watu wawatazame. Saba walifariki, makaburi yao yapo kando ya kanisa la Tervuren. Ndani ya makumbusho kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo. Msanii Freddy Tsimba kutoka Kinshasa akaandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha yanayoukabili. Jua likiwaka, kivuli cha majina ya akina Ekia, Zao na Mibange kinatua juu ya yale ya Wabelgiji. Nilisimama pale mpaka wingu likapita na majina yakarudi. Mwende siku ya jua.

-----

Naongezea kidogo kwa dada. Kwa kuwa mama anaishi nje ya Umoja wa Ulaya, akinunua vitu vya kutosha duka moja kwa risiti moja, aulize fomu ya kurudishiwa kodi, na awe na pasipoti mkononi. Uwanja wa ndege, forodha kwanza, mizigo baadaye: wanaweza kutaka kuona vitu vyenyewe. Mama mkwe wangu alitanguliza masanduku, akakosa.

-----

Ahsanteni sana. Dada, nimemsomea mama kwenye simu. Kanyamaza kidogo, akauliza kama inaruhusiwa kuweka maua pale kanisani.

-----

Inaruhusiwa, mdogo wangu. Nunueni kabla ya kupanda tramu.