Mjadala: Misitu midogo ya miti ya asili ndani ya mji wa Mombasa, tuipande au tuiache?

Mwanzisha mada, Mombasa

Ndugu wachangiaji, naomba tulijadili kwa kina pendekezo ambalo limekuwa likisikika katika vikao vya mitaa, kwamba wakazi wajitolee kupanda misitu midogo iliyosongamana, yenye miti ya asili pekee, kwenye vipande vya ardhi vilivyo wazi ndani ya mji. Nautaja msimamo wangu mapema ili nisieleweke vibaya: naliunga mkono pendekezo hili, ila kwa sharti kwamba miti yenyewe iwe ya misitu ya Pwani, na kwamba idadi ya miche iliyopandwa isigeuzwe kuwa kipimo cha mafanikio.

Kwa wasioifahamu njia hii, mwasisi wake ni Akira Miyawaki, mtaalamu wa mimea wa Japani aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2021. Alipokuwa akichunguza uoto wa nchi yake aligundua kwamba miti ya asili ya kila eneo ilikuwa imesalia zaidi katika visitu vinavyozunguka mahekalu ya dini ya jadi ya Kishinto, ambavyo watu waliviogopa na kuviheshimu, ilhali sehemu kubwa ya milima ilikuwa imejazwa miti ya mbao. Akavifanya visitu hivyo kuwa kielelezo chake, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanza kupanda misitu ya namna hiyo kuzunguka kiwanda cha chuma cha Nippon Steel kule Oita. Udongo hutifuliwa kwa kina na kuchanganywa na mboji. Miche ya aina nyingi, ya miti mirefu, ya wastani na vichaka, huchanganywa na kupandwa takriban mitatu kwa kila mita moja ya mraba. Ardhi hufunikwa kwa nyasi kavu. Kisha watu hupalilia na kumwagilia kwa miaka miwili au mitatu, na baada ya hapo msitu huachwa ujitegemee. Nchini India njia hii ilienezwa na Shubhendu Sharma, mhandisi aliyeifahamu njia hiyo pale Miyawaki alipokuja kupanda msitu katika kiwanda cha Toyota alikokuwa akifanya kazi, na Uholanzi walianza mwaka 2015 katika mji wa Zaandam, ambako miti 600 ilipandwa kwenye eneo la mita 200 za mraba, yaani ukubwa unaokaribia uwanja wa tenisi.

Wanaoipigia debe njia hii husema kwamba msitu wake hukua haraka mara kumi zaidi ya upanzi wa kawaida na kuwa na viumbe vya aina nyingi mara mia. Mimi nashauri tusiwatajie wakazi takwimu hizo kama ahadi, kwa kuwa hutegemea msitu unalinganishwa na nini, na hutegemea mvua na udongo wa mahali. Utafiti uliofanywa Sardinia, kisiwa cha Italia chenye kiangazi kikali, ulionyesha kwamba baada ya miaka kama 12 kati ya asilimia 61 na 84 ya miche ilikuwa imekufa. Ni kweli kwamba njia yenyewe hutarajia vifo, kwani miche hushindania mwanga na ile dhaifu huondoka. Lakini katika mji ambao maji ni ya kununua, kila mche uliomwagiliwa mwaka mzima na kisha ukafa una gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na mtu.

Sisi Mombasa hatuanzi bila kumbukumbu yoyote. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kuotesha miti katika machimbo ya saruji ya Bamburi, mahali palipokuwa pamechimbwa hadi pakabaki jiwe tupu la matumbawe, lenye joto kali na maji ya chumvichumvi chini yake. Alijaribu aina 26 za miti, na zilizostahimili zilikuwa tatu tu, mmojawapo ukiwa mvinje. Majani makavu ya mvinje yalirundikana bila kuoza, mpaka akaleta majongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu tunaowaona njiani msimu wa mvua, wakayatafuna na kuyageuza kuwa udongo, na ndipo miti mingine ikapata pa kushika mizizi. Leo wengi wetu tumepeleka watoto kutembea chini ya miti hiyo. Nalitaja jambo hili kwa sababu linapingana na Miyawaki katika hatua ya kwanza: Haller alitanguliza mti mgeni mwenye kuvumilia shida ili uwaandalie wenzake mahali, ilhali Miyawaki hutanguliza udongo na kuipanda miti ya msitu uliokomaa tangu siku ya kwanza. Ardhi ya mji wetu haifanani pote, kwa hiyo penye mchanga na udongo wa kutosha naona njia ya Miyawaki inawezekana, na penye mwamba wa matumbawe karibu na uso wa ardhi, kuchimba kina cha mita moja ni kujidanganya.

Hoja yangu ya mwisho ni ya hesabu. Serikali ya Kenya ilitangaza mwaka 2022 lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitolewa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Lengo ni jema. Hata hivyo, ekari moja iliyopandwa kwa njia hii humeza miche zaidi ya 12,000, na yeyote anayetafuta idadi ya kuandika kwenye ripoti ataipenda mno. Hofu yangu ni kwamba tutapanda siku moja mbele ya kamera, tutahesabiwa, na kiangazi cha Januari kitaikuta miche haina mwenyewe. Nawakaribisha.

Mchangiaji wa kwanza, Kisauni

Dada, nashukuru kwa maelezo marefu, lakini mimi napinga. Umezungumza juu ya miti na udongo, na hukuzungumza juu ya watu wanaokitumia kipande hicho cha ardhi sasa hivi. Kile kinachoitwa uwanja wazi mtaani kwetu asubuhi ni njia ya mkato ya wanafunzi, adhuhuri ni kivuli cha mama muuza viazi karai chini ya mwarobaini mmoja, na jioni ni kiwanja cha mpira. Vijana hawana kiwanja kingine. Mkikizungushia ua na kukijaza miti isiyopenyeka, mtakuwa mmeondoa mahali pa watu wengi ili kuweka mahali pasipoingilika.

La pili ni usalama. Wanaoishi kwenye nyumba za ghorofa zenye walinzi huenda wasilione hili, lakini mwanamke anayetoka kazini saa mbili usiku hapendi kupita kando ya kichaka asichoweza kuona ndani yake, na hofu yake si ushamba.

La tatu ni maji. Tuseme mita 200 za mraba, na kila mita inahitaji lita tano kwa siku ya jua. Hizo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20 inayosukumwa kwenye mkokoteni. Familia nyingi hapa hukaa siku kadhaa bila maji ya mfereji na kununua mitungi michache kwa kupikia na kuoga. Nitamwambiaje jirani yangu kwamba mitungi 50 imemwagwa kwenye miche? Kwa maoni yangu, tupande miti kumi mikubwa ya kivuli pembezoni mwa kiwanja, tuitunze vizuri, na mwarobaini uwe mmojawapo kwa sababu hauhitaji kubembelezwa.

Mchangiaji wa pili, Kwale

Mimi ni mzee wa huku Kwale, na nimesoma maneno yenu kwa makini. Huyo Mjapani aliyeyatazama mahekalu ya kwao na kuona miti ya asili imebaki hapo, angekuja kwetu angezitazama kaya, misitu mitakatifu ya wazee wetu. Misitu ya kaya za Wamijikenda imeorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2008, na kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1992, baadhi yake zilitangazwa na serikali kuwa kumbukumbu za taifa. Lakini kilichozilinda kwa karne nyingi ni miiko ya wazee. Ukiingia Kaya Kinondo unafungwa kaniki kiunoni, na hutoki na kitu, hata ukuni uliojiangukia. Kwa hiyo mkiniuliza kama mbegu za miti ya asili ziko huko, ndiyo, ziko, na hapana, hamtaingia na magunia kuzikusanya. Vijana wa mjini wasidhani kwamba kwa kuwa nia yao ni njema basi miiko inalegea.

Hata hivyo miti hiyo haikuishia ndani ya kaya. Mbambakofi upo kwenye mashamba ya watu, na ganda lake linapopasuka hutoa mbegu nyeusi yenye kofia nyekundu, ambayo watoto huichezea. Ivueni kofia hiyo, iloweke mbegu usiku kucha, na huota bila taabu. Mtandarusi, ule ambao utomvu wake babu zetu waliuuza kwa majahazi, bado unapatikana. Mkwaju mnao wenyewe. Nendeni mkaongee na wenye mashamba na wazee, mwende na adabu, na mtapata mbegu za kuanzia pasipo kugusa kaya.

Na mwarobaini, mwanangu wa Kisauni, una kazi yake ya dawa na kivuli, siukatai. Lakini umekuja kutoka Asia, na mbegu zake hubebwa na ndege na popo hadi msituni, ambako huota na kusonga miti yetu. Usiuite mti wa asili.

Mwanzisha mada, Mombasa

Shikamoo mzee wetu. Suala la mbegu umelimaliza kuliko nilivyoweza, na pendekezo langu sasa ni kwamba kikundi chochote kisinunue mche mmoja kabla ya kuandaa kitalu chake kwa mbegu zilizoombwa kwa wenye mashamba, kwa sababu vitalu vya biashara hapa mjini vimejaa miti ya mapambo na miche ya matunda, na mnunuzi mwenye haraka ataondoka na chochote atakachopewa.

Kaka wa Kisauni, kiwanja cha mpira kisiguswe, na njia ya wanafunzi isiguswe. Nilipoandika juu ya vipande vilivyo wazi nilikuwa nikifikiria ukanda ulio nyuma ya ukuta wa shule, pembe ya uwanja wa zahanati, na mteremko wa kando ya mfereji wa maji ya mvua ambako leo pamekuwa jalala. Huko hakuna anayecheza wala kuuza. Kuhusu hofu ya usiku nakuunga mkono kabisa, na ndiyo maana nasema msitu usipandwe kando ya njia inayotumiwa na watu baada ya magharibi, hata kama ardhi ni nzuri. Wanawake wa mtaa ndio wawe na kauli ya mwisho juu ya mahali, kwa kuwa wao ndio watakaopita hapo.

Hesabu yako ya maji ni sahihi kwa siku ya jua, lakini hesabu ya mwaka ni tofauti. Mombasa hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa huanguka kati ya Aprili na Juni. Miche ikipandwa masika yanapoanza, ikafunikwa nyasi kavu au makuti kwa unene wa shubiri moja, mitungi itahitajika hasa kuanzia Desemba hadi Machi, na kwa miaka miwili au mitatu tu. Hata hivyo bado ni maji mengi, na hapa ndipo ninapotofautiana na Miyawaki mwenyewe: sioni haja ya miche mitatu kwa kila mita mahali petu. Mche mmoja kwa kila mita, wenye aina nyingi zilizochanganywa, utachelewa kufunga kivuli na utadai palizi zaidi, lakini palizi ni nguvu za mikono ambazo mtaa unazo, na maji ni fedha ambazo mtaa hauna. Tena kipande cha kwanza kiwe cha mita 100 za mraba, na kusiwe na cha pili mpaka cha kwanza kimevuka viangazi viwili.

Nabaki na swali moja ambalo naomba wenye uzoefu walijibu: katika ardhi ya mji, ni nani atakayetia sahihi kwamba kipande hicho hakitauzwa wala kujengwa mwaka wa nne, miti ikiwa imeshafika juu ya paa? Ofisi inayomiliki ukuta wa shule si lazima iwe ndiyo inayomiliki ardhi iliyo nyuma yake. Aliyewahi kupata barua ya namna hiyo, atueleze aliandikiwa na nani na ilimchukua muda gani.