Bangili za mpingo zimetoka kahawia, zitakuwa nyeusi?

Mkerezaji wa Tandika
Shikamooni wakuu. Nimekereza bangili 12 za mpingo kwa oda ya dada mmoja mwenye duka. Gogo nilipewa na mjomba Nachingwea, lilikaa stooni kwake miaka, na kipande chake nikikitia kwenye ndoo ya maji kinazama kama jiwe. Lakini bangili zimetoka kahawia yenye michirizi ya zambarau, na mbili zina ukanda wa manjano pembeni. Mteja amezikataa. Anasema mpingo ni mweusi tii, nimembadilishia mti. Imeniuma, maana kila bangili moja narudi kwenye kinoo mara nne, tano. Zitaiva zenyewe? Jirani ananishauri nipake rangi ya viatu.

Mchongaji Mstaafu
Marahaba mwanangu. Rangi ya viatu usiguse, nakuomba. Ndiyo wanayopaka wanaouza miti mingine kwa jina la mpingo. Bangili inalowa jasho, mkono wa mvaaji utachafuka, na hapo utaitwa tapeli kwa haki.

Ulichokiona ni kiini kilivyo kikiwa kimetoka kukatwa. Hewa na mwanga ndivyo vinavyokitia weusi, taratibu. Nimechonga Masasi miaka mingi, na hadi leo nikifungua gogo nikaiona ile zambarau nasimama kidogo niitazame. Kinyago kikikaa sebuleni miezi, michirizi inaanza kufifia. Ukikirudia kwa msasa, kahawia imerudi palepale! Kwa hiyo maliza msasa wote kwanza, hadi namba 600, ndipo upake mafuta mepesi kwa kitambaa, ufute, kesho urudie. Weusi utauona siku hiyohiyo, ingawa wa kudumu utakuja polepole. Usizianike juani kuharakisha, zitapasuka. Hata wanaotengeneza klarineti, zile zumari za Kizungu, huko Ulaya wengi huutia mpingo rangi ili uwe mweusi mmoja, basi mteja wako hana kosa kudhani unazaliwa hivyo.

Ule ukanda wa manjano ni sehemu ya nje, iliyo chini ya gome. Huo hautakuwa mweusi kamwe. Uondoe, au umwambie mteja wazi.

Muuza Vinyago
Naongezea: bangili moja weka dirishani, ya pili ifunge kwenye droo. Baada ya miezi miwili mpelekee zote mbili azishike mwenyewe. Na vaa barakoa, mdogo wangu, vumbi la mpingo linawasha kifua na ngozi.

Mkerezaji wa Tandika
Asanteni sana wakubwa. Mzee, umenikumbusha mchi wa bibi kule kijijini, ni mpingo, na pale anaposhika ni mweusi wa kung'aa kuliko sehemu nyingine yote. Mjomba anakuja Dar Ijumaa, nimemwomba aupige picha kabla hajaondoka. Zile mbili zenye manjano nimeshazitenga, nitakereza nyingine.