Naomba ushauri: Fleti mpya Magomeni karibu na mwendokasi, au tumalizie nyumba Kibamba?

Mama Zamu

Habari za jioni wakuu.

Mimi na mume wangu tumepanga Kibamba, tuko na watoto wawili na mama yangu mzazi. Kiwanja tunacho huko huko, kuta zimefika kwenye linta. Kazi yangu iko Upanga, ya zamu, na mume ana duka Kariakoo. Zamu ya asubuhi natoka gizani: bodaboda mpaka Morogoro Road, daladala mpaka Kimara, kisha foleni ya mabasi ya mwendokasi. Watoto nawaacha wamelala na nikirudi nawakuta wanasinzia. Nimechoka kwa kweli.

Sasa kuna jengo la ghorofa kumi linajengwa Magomeni, kituo cha Mapipa unakwenda kwa miguu. Soko, kituo cha afya, shule, vyote viko jirani. Fleti ya vyumba viwili ni milioni 165, unatanguliza asilimia 30, inayobaki unalipa kwa awamu hadi jengo likamilike. Kianzio tunacho, kingine itabidi tukope benki. Ndugu wa mume wanasema fleti ni kununua hewa, mali ni ardhi. Wenye uzoefu naomba mnisaidie, hasa mnaoishi kwenye fleti mlizonunua.

Mzawa wa Kagera

Karibu Magomeni dada. Nimezaliwa hapa, Magomeni Kagera, na sihami. Jumapili unatoka na kikapu, unarudi na samaki na mboga hujatoa hata mia ya nauli.

Ila usafiri wenyewe uujue ulivyo. Asubuhi mabasi yanafika Mapipa yakiwa yameshajaa kutoka Kimara. Mlango unafunguka, hashuki mtu, walio ndani wamebanana mpaka kwenye kioo, unafungwa tena. Inabidi usubiri linalofuata. Jioni ni nafuu kwa mume wako kwa sababu anapandia Gerezani, mwanzo wa safari. Halafu kuna bonde la Jangwani, kati ya Mapipa na mjini. Mvua kubwa ikinyesha bonde linajaa maji na barabara inafungwa. Tangu mabasi haya yaanze 2016 tumeliona hilo mara nyingi. Siku hiyo utazungukia Kawawa Road kupitia Kinondoni pamoja na jiji zima. Siku kavu, mwenye miguu mizima anavuka kwa miguu kutoka Mapipa hadi kituo cha Fire, na wengi tunafanya hivyo.

Kibarua Huru

Kiwanja msiuze. Chochote mtakachoamua, kiwanja kibaki.

Wakili Mtaani

Hofu ya shemeji zako naielewa, lakini kisheria hununui hewa. Tuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 2008. Inakupa hati ya fleti yako kwa jina lako, pamoja na fungu lako kwenye vile vya wote: kiwanja, ngazi, lifti, paa. Hati hiyo unaweza kuiuza, kuirithisha au kuiweka rehani.

Hatari iko kabla hati hiyo haijatoka. Jengo likiwa bado linajengwa, hati iliyopo ni moja tu, ya kiwanja kizima, na mara nyingi mwenye mradi ameshaiweka benki akapata fedha za kujengea. Akishindwa kulipa, benki inakuja kwenye kiwanja, na wewe uliyetanguliza mamilioni unabaki na risiti. Kwa hiyo usiridhike na nakala ya hati anayokuonyesha dalali. Chukua namba yake, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi rasmi. Tazama jina la mmiliki, tazama kama kuna rehani au zuio, na muda uliobaki, kwa kuwa hati zetu ni za miaka 33, 66 au 99. Rehani ikiwepo, si lazima ukimbie. Dai barua ya benki yake inayosema fleti yako itaachiwa ukimaliza kulipa. Bila barua hiyo mimi nisingetoa hata kianzio.

Pia mkataba useme tarehe ya kukabidhi na atakulipa nini akichelewa. Na uliza kama hiyo 165 ina VAT ndani, maana asilimia 18 ya juu itawavuruga.

Bi Mkubwa wa Upanga

Mwanangu, mimi naishi kwenye fleti tuliyonunua, nitakueleza ya ndani. Vyumba havina shida, shida ni vya pamoja. Kwetu LUKU ya lifti na pampu ya maji ni moja, inachangwa. Watu wakigoma kuchanga, umeme unakatika, lifti inasimama, na maji hayapandi kwenye tenki la juu. Nimeona jirani akibebwa kwenye kiti na vijana wanne kushuka ngazi kwenda kliniki. Una mama mtu mzima hapo. Usichukue ghorofa ya sita hata wakikupunguzia. Chukua ya kwanza au ya pili.

Na muulize muuzaji mapema: chama cha wamiliki kitaanza lini, mchango kwa mwezi kiasi gani, na asiyelipa anafanywa nini. Akijibu "mtapanga wenyewe mkishahamia", hapo pana kazi.

Mhandisi Site

Nenda site siku ya kazi, usiende na dalali. Kwenye uzio wa mabati lazima pawe na bango lenye mkandarasi, msanifu, mhandisi mshauri na namba za usajili. Majina hayo yapeleke kwenye bodi zao, ya makandarasi na ya wahandisi, wakuthibitishie. Hesabu na ghorofa za kwenye kibali dhidi ya zile anazokuuzia. Nasisitiza kwa sababu 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya jiji likiwa kwenye ujenzi na kuua watu 36, na Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, watu wakazika tena.

Mama Zamu

Asanteni sana, nimewasomea mume na mama wote wakiwepo. Namba ya hati nimeiomba leo, muuzaji anasema niwahi kulipa "booking" ya milioni mbili kwanza ndipo anipe. Hii ni kawaida? Na ghorofa ya pili anadai imebaki moja.

Wakili Mtaani

Si kawaida, usilipe. Namba ya hati si siri, na bila hiyo hujui unamlipa nani. Mwandikie kwa maandishi kwamba kianzio kiko tayari na unasubiri namba tu. Mwenye mradi safi atakutumia siku hiyo hiyo. Akikataa, Magomeni na Kinondoni yote kuna majengo mengine yanapanda.

Bi Mkubwa wa Upanga

Na hiyo "imebaki moja" hata sisi tuliambiwa. Jengo lilikaa miezi mingi baada ya hapo ghorofa ya pili ikiwa na mapazia ya nyumba mbili tu.