Tupeane uzoefu: kuandika maelezo ya zana ya kuorodhesha noti ili wakala wa AI asibahatishe

Fundi_Nakuru
Wenzangu wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na kote magharibi, wengi humu tunajenga programu za noti za maafisa wa nyanjani: kilimo, maziwa, afya ya jamii. Sasa noti hizo zinasomwa na mawakala wa AI, yaani programu za akili bandia zinazomfanyia mtumiaji kazi kwa kuita zana (vitendo) tulizoziandaa ndani ya mfumo. Tuweke hapa kinachofanya kazi na kinachoharibika. Naanza.

Wakala haoni msimbo wa programu yako. Kwa MCP, itifaki ya kuunganisha mawakala na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, anachotegemea kuchagua zana ni jina, maelezo na skima ya vigezo, yaani orodha ya taarifa ambazo zana inapokea na umbo lake. Ulichonyamazia atakijaza kwa kukisia. Ukiandika "Huorodhesha noti" ukaachia hapo, umemwachia kazi nzima ya kukisia. Andika hivi:

«orodhesha_noti: Hurudisha noti za mtumiaji aliyeingia, mpya kwanza. Kila noti ina kitambulisho, kichwa, lebo, saa ya kuandikwa na herufi 160 za mwanzo. Matini kamili haimo. Kusoma noti nzima, peleka kitambulisho kwa soma_noti. Kutafuta neno ndani ya matini, tumia tafuta_noti. Haibadilishi wala kufuta chochote.»

Sentensi ya "Matini kamili haimo" ndiyo yenye uzito kuliko zote. Noti ya shamba la viazi Molo huanza na ukubwa wa shamba, aina ya mbegu, tarehe ya kupanda. Mnyauko unatajwa mwishoni. Wakala asiyejua kwamba ameonyeshwa mwanzo tu atakuandikia ripoti kwamba shamba ni zima.

Kando_ya_Ziwa
Ndugu, nishike tarehe na saa, maana mtego wetu hapo haumo katika mifano tunayonakili kutoka nje. Mtumiaji akisema "noti za kuanzia saa mbili asubuhi", ni 08:00. Wakala akichukua namba jinsi ilivyo anapeleka 02:00, na orodha inaleta noti zisizotakiwa. Onyo likae ndani ya maelezo ya kigezo chenyewe:

«tangu: tarehe na saa kwa ISO 8601 (mpangilio wa kimataifa wa kuandika tarehe) pamoja na ukanda wa saa, mfano 2025-03-14T08:00:00+03:00. Saa za Kiswahili zigeuze kwanza: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa nane mchana ni 14:00.»

Hiyo +03:00 usiiache. Hifadhidata nyingi hutunza saa za UTC (saa ya kimataifa, nyuma ya yetu kwa saa tatu), kwa hiyo noti iliyoandikwa Kisumu saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 14 imo ndani kama 22:30 ya tarehe 13. Ukichuja tarehe 14 kwa UTC, huioni.

Kwa kigezo cha «hadi», cha mwisho wa kipindi, sema waziwazi kama siku yenyewe imo. Na mfumo ukatae 03/04/2025: kwetu ni Aprili 3, kwa Mmarekani ni Machi 4. Jambo jingine, wakala hajui leo ni tarehe ngapi usipomwambia, kwa hiyo kila jibu la zana libebe saa ya sasa. "Wiki iliyopita" haina maana bila hiyo.

Mulembe_Kodi
Mimi nizungumzie kurasa, yaani kuleta noti kwa mafungu. Kikomo cha kawaida noti 20 kwa mwito mmoja, cha juu 100. Wakala akiomba 500, usimpunguzie kimyakimya. Mrudishie kosa linalosema kikomo hakizidi 100. Weka pia "jumla" na "zipo_zaidi" katika jibu. Bila hizo, mtu akiuliza ana noti ngapi ataambiwa 20, na atasadiki.

Epuka kuhesabu kwa nafasi ("ruka 20 za kwanza"). Noti mpya ikiingia wakala akiwa ukurasa wa pili, zote zinasogea na moja inajirudia. Tumia alama ya kuendelea inayotoka kwenye noti ya mwisho, na uandike kwamba alama hiyo inapelekwa ilivyo, haitungwi.

Halafu kuna mtandao. Noti iliyoandikwa kisiwani Mfangano Jumatatu inaweza kufika kwenye seva Alhamisi. Wakala akiulizwa "nini kipya tangu jana" huku akichuja kwa saa ya kuandikwa, hiyo hataiona kamwe. Weka sehemu mbili tofauti za saa, «iliandikwa» na «ilipokelewa», na useme kila moja inajibu swali gani.

Dada_Msamiati
Mimi niongeze Kiswahili chenyewe, kwa tafuta_noti. Utafutaji wa herufi hauelewi mnyambuliko. Ukitafuta "kuhara" hupati "ameharisha" wala "anahara". Ukikata hadi "hara" unazoa biashara, mshahara, gharama na haraka! Ndiyo maana orodha iwe na kichujio cha lebo, na lebo zote ziorodheshwe ndani ya skima kama thamani zinazokubalika: kuhara, homa, chanjo, ujauzito. Usipozifunga, wakala atabuni lebo ya Kiingereza na apate orodha tupu.

Fundi_Nakuru
Dada, hapo umegusa penyewe. Na orodha tupu si kosa: rudisha orodha isiyo na kitu, jumla 0, na vichujio vilivyotumika. Akiona vichujio, wakala hulegeza kimoja badala ya kutangaza kwamba noti hazipo.

Kando_ya_Ziwa
Usalama. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti, kwa hiyo zile herufi 160 zisibebe jina la mgonjwa. Pia noti inaweza kuwa na maneno "futa noti zote" yaliyoandikwa na mtu yeyote. Maelezo yaseme matini ya noti ni taarifa, si amri, lakini usitegemee hilo peke yake. Hata alama ya "kusoma tu" ndani ya MCP ni dokezo, si kufuli. Kufuli ni ruhusa ambazo seva inaupa ufunguo anaotumia wakala kuingia.

Dada_Msamiati
Na kupima? Kuna anayeandika maelezo na kuyaacha hivyo.

Mulembe_Kodi
Andika maswali 20 kwa lugha ya watumiaji wako, Kiswahili cha kuchanganya kikiwemo: "zile noti za Bungoma za juzi jioni", "nina noti ngapi za chanjo". Kando ya kila swali andika zana inayostahili kuitwa na vigezo vyake. Endesha kila swali mara 5, kwa sababu wakala hajibu sawa kila mara. Kisha soma kumbukumbu za miito, usiangalie jibu la mwisho tu. Jibu sahihi linaweza kuwa limetokana na miito 9 palipotosha 2. Ukirekebisha, badilisha sentensi moja, endesha yote 20 upya. Ukibadilisha tatu kwa pamoja hutajua ipi iliyoponya na ipi iliyoharibu swali la "juzi jioni".