Gambiti ya Mfalme kwenye blitzi: magwiji wanaikabilije?

MweusiDaima

Wakuu, habari zenu. Nacheza chesi ya blitzi, yaani ya saa fupi, dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2 kwa kila hatua, na nikishika kete nyeusi najibu e4 kwa e5 (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni). Siku hizi wapinzani wengi wananifungulia Gambiti ya Mfalme, yaani hatua ya pili wanasukuma f4, kitunda (kete ndogo ya mbele) wanachokitoa ili wapate shambulio. Mimi nakila kitunda. Wanatoa farasi f3, nasukuma g5 kukilinda kitunda changu cha f4, wanapiga h4, nasogeza g4, farasi wao anaruka e5. Hapo ndipo naanza kuwaza na saa inakwenda. Injini (programu ya kompyuta ya chesi) ikichambua baadaye inasema nilikuwa sawa, mara nyingine hata nilikuwa mbele. Ubaoni hiyo "mbele" siioni. Ninachoona ni mfalme wangu yuko katikati na askofu wao anajiandaa kutua c4 kuitazama f7.

Siombi mstari mrefu wa kukariri. Nataka kujua wachezaji wa juu kabisa wanafikiri nini wakirushiwa ufunguzi wa hatari na saa ni fupi. Wanakubali au wanakataa? Wanajuaje ni wapi watumie muda na ni wapi wasogeze tu?

f7_inalindwa

Mkuu, kataa. Baada ya f4 toa askofu c5, basi. Hawezi kukila kitunda chako cha e5 kwa sababu malkia wako anatua h4 na cheki (anamtishia mfalme): akiziba kwa g3 unakula e4 kwa cheki nyingine na ngome ya h1 inaanguka, akisogeza mfalme e2 unakula e4 na ni mati, mchezo umekwisha. Na huyo askofu wa c5 anamzuia asipige kaslingi (kumsogeza mfalme pembeni pamoja na ngome) upesi. Mimi sijawahi kuona sababu ya kula.

NgomeYaPili

Mkuu MweusiDaima, nafundisha vijana klabuni na hili swali ndilo ninalobishana nao kuliko yote, kwa hiyo niruhusu nilijibu kwa kirefu.

Tuanze na saa. Dakika 3 ni sekunde 180. Mchezo wa hatua 40 utakuongezea sekunde 80. Jumla ni 260, yaani wastani wa sekunde sita na nusu kwa hatua. Ukikaa sekunde 40 kutafuta jibu la farasi aliyetua e5, umekula mgao wa hatua sita, na mpinzani hajatumia chochote kwa sababu nafasi hiyo ameizoea. Kitunda ulichopata umekinunua kwa muda, na kwa bei mbaya. Wachezaji wakubwa wanaujumlisha muda pamoja na kete. Mwenye kitunda cha ziada na sekunde 50 pungufu kwenye blitzi hawamhesabu kuwa yuko mbele, haijalishi injini inasema nini, kwa sababu injini haioni saa yako.

Sasa tazama njia unayoipita. Ni ile ile aliyoipita Bobby Fischer mwaka 1960 Mar del Plata, Argentina, dhidi ya Boris Spassky: g5, h4, g4, farasi e5. Fischer alikuwa na miaka 17, tayari grandmasta (cheo cha juu kabisa cha chesi), tena kwa saa ya mchezo mrefu. Alishindwa. Mwaka uliofuata aliandika makala nzima ya kuivunja gambiti hiyo, akapendekeza kwamba baada ya farasi f3 Mweusi asisukume g5 moja kwa moja, atangulize d6. Wazo lake ni zuri mno: kitunda cha d6 kinailinda e5, kwa hiyo ukija kusukuma g5 na g4 farasi hana pa kurukia. Anarudi g1 alikotoka, au anaingia g5 ambako atafukuzwa na kuliwa. Kisha miaka miwili baadaye, kwenye ubingwa wa Marekani wa 1963, Fischer huyo huyo akaicheza gambiti upande wa Mweupe dhidi ya Larry Evans, akatoa askofu c4 badala ya farasi f3, akashinda.

Nakuelezea haya kwa sababu watu wengi wanaisoma d6 ya Fischer kama dawa na wanaipeleka kwenye blitzi. Kwa saa ndefu naikubali. Kwa dakika 3 siipendi, nasema wazi. Bado unabaki na kazi ya kushikilia kitunda cha f4, na kukishikilia maana yake ni kusukuma vitunda vya upande wa mfalme wako mwenyewe. Kila hatua inayofuata inakudai usahihi, na wewe ndiye unayedaiwa, yeye hadaiwi.

Njia ninayofundisha: kula f4, akitoa farasi f3 sukuma d5. Akila d5, toa farasi f6. Umerudisha kitunda, hesabu ni sawa. Lakini angalia ulichobaki nacho. Njia za maaskofu wako wote wawili ziko wazi, mfalme wako yuko hatua mbili tu kutoka kwenye kaslingi, na kitunda chako cha f4 bado kimekaa pale kinamfungia askofu wake wa c1. Hakuna kitu kigumu cha kutafuta. Hatua zako tano zinazofuata zinakuja zenyewe, na saa inabaki kwako.

Hilo ndilo jibu la swali lako kuhusu magwiji. Mchezo ukiwa wa kasi hawahangaiki kuthibitisha kwamba ufunguzi wa hatari ni mbovu. Wanatafuta mahali ambapo wao ndio watachagua wakati wa kurudisha mali, kabla hawajalazimishwa. Emanuel Lasker, bingwa wa dunia wa zamani, alilielewa hili dhidi ya Gambiti ya Evans, ambapo Mweupe anatoa kitunda cha b4: kitunda kinaliwa, askofu anarudi a5, kisha d6 na askofu b6. Mweupe akitaka kitunda chake akichukue, lakini malkia watabadilishana na shambulio limekwisha.

Kuhusu wapi utumie muda. Mimi nawaambia vijana wasimame na kufikiri kukiwa na mambo matatu tu: malkia wanaweza kubadilishana, katikati kunakaribia kufunguka, au mfalme wako lazima achague upande sasa hivi. Hatua nyingine zote za ufunguzi uwe umeziamua kabla hujaketi.

Na kukataa nako ni silaha, ndugu yetu hapo juu amesema kweli. London 2018, kwenye mechi ya ubingwa wa dunia, Carlsen na Caruana walitoka sare michezo yote 12 ya saa ndefu. Wa mwisho Carlsen mwenyewe ndiye aliyeomba sare akiwa na nafasi nzuri zaidi na muda mwingi zaidi, wengi wakamshangaa. Wakaenda kwenye michezo ya dakika 25 na nyongeza ya sekunde 10. Carlsen akashinda miwili ya kwanza. Wa tatu Caruana, mwenye kete nyeusi, hakuwa na budi kushinda, akacheza Sisilia (kujibu e4 kwa c5) ili mchezo uchafuke. Carlsen hakumfuata huko. Alisukuma c4 mapema, akaishika katikati, akaiacha hali ya Caruana imlazimishe kujisukuma kupita kiasi. Ikawa 3-0. Mtu anayehitaji vurugu na hapewi vurugu huwa anaitengeneza mwenyewe, kwa gharama yake.

Evans_b4

NgomeYaPili, naheshimu maelezo yako lakini umeyafanya mepesi mno. Riga 1995, Kasparov alimrushia Anand Gambiti ya Evans. Anand alifanya hicho hicho unachohubiri, alimrudisha askofu e7 na akakiachia kitunda. Mchezo ukaisha kwa hatua 25, Kasparov kashinda. Na huyo ni Anand, ambaye kwa kasi ya mchezo hakuwa na wengi wa kumkaribia. Upande wa pili, Capablanca, New York 1918: Marshall akamtolea kitunda cha e5 kwenye ule ufunguzi wa Kihispania, Capablanca akakila, akavumilia shambulio lote, akashinda. Kwa hiyo aliyerudisha alipigwa, aliyeshikilia alishinda. Unasemaje?

NgomeYaPili

Mkuu Evans_b4, mfano wa Riga ni mzuri sana na nashukuru umeuleta, kwa sababu unaonyesha kile ambacho sikukieleza vya kutosha.

Anand alirudisha kitunda lakini hakupata hatua badala yake. Fuatilia farasi zake. Mmoja alikwenda a5 kumfukuza askofu, malkia wa Kasparov akala d4 akiwa katikati ya ubao kabisa, farasi wa pili akatoka f6, e5 ikamsukuma, yule wa a5 akarudi c6, yule wa f6 akaenda d5 halafu b6. Hesabu hatua za farasi peke yake. Wakati huo kete za Kasparov zinatoka na malkia yake imekwisha kuilenga g7. Kurudisha kitunda kuna faida pale tu unaponunua maendeleo ya kete. Ndiyo maana naipenda d5 dhidi ya Gambiti ya Mfalme: kitunda kinachokwenda kinafungua askofu wako, na hatua inayofuata ni farasi f6 anayelenga d5. Hakuna kete inayorudi nyuma.

Capablanca ni habari nyingine. Alikuwa na saa ndefu ya kukaa na kuhesabu kila shambulio, na katika kuhesabu ulinzi sidhani amewahi kuwa na mwenzake. Mchezo ule ungekuwa wa dakika 3 nisingemshauri mtu yeyote akile kile kitunda. Na tazama Kasparov alivyofanya miaka 75 baadaye dhidi ya Short, London 1993: alisukuma a4 kabla hajampa Mweusi nafasi ya kutoa kitunda kama alivyofanya Marshall. Bingwa wa dunia, mshambuliaji kuliko wote, alikwepa.

Kitunda_f4

Mimi niko upande wa pili wa ubao, nacheza hii gambiti kwenye blitzi kila siku na naipenda, kwa hiyo niwape siri ya upande wetu.

Wapinzani wanaocheza g5 ndio ninaowataka. Hata kama nafasi ni mbaya kwangu, najua ninachokwenda kufanya: askofu c4, kaslingi, mstari wa f unafunguka, kila kete inatazama sehemu moja. Akisukuma g4 mapema namwachia hata farasi, napiga kaslingi, malkia wangu anamla kitunda f3 na Mweusi anabaki na farasi wa ziada na mfalme asiye na pa kwenda. Injini inaweza kunicheka. Mtu mwenye sekunde 70 hacheki.

Wanaocheza d5 wananiudhi. Shambulio langu linapotea, tunabaki na mchezo wa kawaida kabisa, na mara nyingi yeye ndiye aliye mbele kwa saa. Carlsen aliicheza gambiti hii mwaka 2010 huko Medias, Romania, dhidi ya Wang Yue, na Wang Yue alijibu d5 mara moja hatua ya pili. Carlsen alishinda, lakini hakushinda kwa fujo. Alishinda mchezo mrefu, kwa kumzidi mwenzake taratibu. Hapo ufunguzi haukumsaidia kwa lolote, ilimbidi awe Carlsen.

Ninachowaogopa zaidi ni wale wanaocheza hatua nane za kwanza bila kusita. Nikiona hivyo nami napunguza makali, nacheza d4 na kujipanga.

MweusiDaima

Wakuu asanteni, hasa mwalimu NgomeYaPili. Nimeijaribu d5 na ninaona tofauti, navuka ufunguzi na muda wangu. Kinachonisumbua sasa: baada ya farasi f6, wengine hawatoi askofu c4. Wanamtupa b5 na cheki. Nikiziba kwa c6 anakula, na sijui nile kwa kitunda cha b au kwa farasi. Injini inabadilika badilika.

NgomeYaPili

Ziba kwa c6, ndiyo. Akila, kwa blitzi kula kwa farasi. Kula kwa kitunda cha b kunamsukuma askofu wake na kuna watu wanaoipenda, lakini kunakuletea cheki ya malkia e2 na maswali ya kujibu. Farasi wa c6 ametoka, amekaa pazuri, amemaliza.

Yeye atacheza d4, wewe askofu d6 kukilinda kitunda cha f4. Yeye kaslingi, wewe kaslingi. Vitunda ni sita kwa sita. Maaskofu wako wako huru, wake wa c1 bado anakitazama kitunda chako cha f4 bila kupita. Askofu wako mwingine anakwenda g4 kumbana farasi wa f3, na hapo ndipo pa kusimama na kufikiri: umbadilishe na huyo farasi ili d4 ikose mlinzi, au umwache abane. Inategemea kama ameshasukuma c3. Kama hajasukuma, badilisha.

Ukizicheza hatua hizo nane kwa sekunde moja moja, nyongeza itakuwa imekuzidishia, saa yako itasoma dakika 3 na sekunde 8. Tumia 20 kwa uamuzi huo wa g4.