Naomba ushauri: nawasomea watoto hadithi yenye mchawi, mzazi mmoja amekuja juu

Mama wa Kibarazani:
Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni ushauri na msinitukane, presha tayari ninayo.

Nipo Kigoma mjini. Nafundisha watoto nyumbani, kibarazani kwangu, saa mbili asubuhi hadi saa saba. Mkubwa wangu ana selimundu, shuleni alikuwa hakai mwezi bila kukosa vipindi, tukakubaliana na baba yake asomee nyumbani. Majirani walipoona anavyosoma wakaleta na wa kwao. Hesabu, Kiswahili, Kiingereza, sayansi, na kabla hawajatawanyika nawasomea hadithi.

Sasa hivi tuna The Lion, the Witch and the Wardrobe cha C. S. Lewis, kile cha mwaka 1950. Ndugu wanne wanaondolewa London sababu ya mabomu ya vita, wanaingia kwenye kabati la nguo na kutokea nchi ya Narnia, ambako kuna mchawi wa kike kafanya baridi isiishe na Krismasi isifike. Kuna simba anaitwa Aslan, anakubali kuuawa badala ya mtoto aliyewasaliti ndugu zake. Kitabu ni cha Kiingereza, mimi nawasimulia kwa Kiswahili. Simba ni nani, Mkristo yeyote anajua.

Mama mmoja tunayesali naye kasikia neno "mchawi", anasema naingiza watoto gizani. Niendelee au niache? Nawasilisha.

Mwisho wa Reli:
Mchawi anapelekwa Kigoma? Huyo akishuka stesheni pale atapangiwa mafunzo kwa vitendo kwanza.

Mtumishi Mdogo:
Dada, soma Kumbukumbu la Torati 18. Uchawi ni chukizo, Bwana hakuweka mabano ya "isipokuwa kwenye hadithi". Watoto wa siku hizi wameharibikia kwenye simu na katuni. Wa kwangu nimewafungia televisheni tangu mwaka jana, na wanaongoza darasani.

Mwalimu Mstaafu:
Mtumishi, na 1 Samweli 28 utaifungia? Mwanamke wa Endori, yule mwenye pepo wa utambuzi, yumo kwenye Biblia hiyo hiyo.

Mama, endelea. Mchawi wa kitabu hicho hasifiwi, anashindwa. Mwandishi mwenyewe alikuwa haamini kuwa kuna Mungu, akarudi kwenye imani ya Kikristo mwaka 1931. Alishaeleza kwamba hakukaa chini apange mahubiri ya mafumbo. Kwanza ilimjia picha, kiumbe nusu mtu nusu mbuzi anatembea na mwavuli na vifurushi kwenye msitu wa theluji, picha aliyokuwa nayo tangu ana miaka kumi na sita hivi. Simba alikuja baadaye. Akajiuliza: kungekuwa na nchi kama ile, na Mwana wa Mungu akaenda kuikomboa kama alivyoikomboa ya kwetu, ingekuwaje? Rafiki yake Tolkien, Mkatoliki wa kweli kweli, hakukipenda kitabu kile. Kwa hiyo hata Wakristo wenyewe hawakukubaliana tangu mwanzo.

Mimi nimefundisha Tabora miaka ya nyuma. Tulikuwa tunasoma hadithi chini ya mwembe, na msimu wa embe hakuna aliyekuwa anasikiliza, wote macho juu. Kuna mmoja ilimwangukia kichwani katikati ya kusoma, mpaka leo tukikutana anaitwa Embe.

Mama Wawili:
Shikamoo mwalimu. Mleta mada, mimi nina jambo lingine. Kitabuni anaitwa Mchawi Mweupe, uso mweupe kama karatasi. Mtoto wangu ana ualbino. Tunakoishi sisi huko magharibi, mtoto mwenzake akirudi kutoka darasani kwako na jina hilo mdomoni, wangu ndiye atakayeitwa. Muite Malkia wa Barafu, yatosha.

Mama wa Kibarazani:
Mama Wawili, hilo nimelichukua, kuanzia kesho ni Malkia wa Barafu. Barafu yenyewe wanaijua ya kuwekea samaki tu. Na zile pipi za Kituruki alizohongwa yule mtoto nimewaambia ni halua, wakaelewa haraka. Mmoja akasema hata yeye kwa halua ya Ujiji angewauza ndugu zake.

Afisa Mtendaji Asiye na Ofisi:
Tuache simba kidogo. Watoto wa watu wengine, kila siku, asubuhi hadi saa saba, kwa malipo. Hiyo mimi naiona ni shule, na kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 shule inasajiliwa. Umesajili?

Mama wa Kibarazani:
Ni kama tuisheni tu mkuu.

Afisa Mtendaji Asiye na Ofisi:
Tuisheni ni baada ya shule. Wewe unafundisha badala ya shule.

Nauliza Tu:
Mleta mada, umesema halua ya Ujiji. Darasa lako lina watoto wangapi, na ni wa dini gani? Maana Ujiji naijua.

Mama wa Kibarazani:
Sita. Wawili wangu. Dini inaingiaje, nimeuliza habari ya mchawi.

Nauliza Tu:
Inaingia. Jibu.

Mama wa Kibarazani:
Haya. Mmoja ni wa Ujiji, baba yake ni Muislamu. Mtoto ana miaka tisa na ndiye anayependa hadithi kuliko wote. Tulipofika pale simba anapofungwa kamba, ananyolewa manyoya ya shingo huku wanamcheka, mtoto alishika ncha ya mkeka akawa anaing'ata. Akaniuliza kwa nini hajitetei na ana makucha. Nikamwambia subiri.

Akaenda kumsimulia bibi yake kwamba kuna simba kafa kwa makosa ya mtu mwingine. Bibi si mjinga. Juzi baba katuma ujumbe kuwa Jumamosi atapita "tuzungumze kidogo".

Mwisho wa Reli:
Kumbe mama wa kanisani alikuwa anapasha moto jukwaa tu. Mechi yenyewe ni Jumamosi.

Ustaadh Kando:
Dada yangu, kwetu Nabii Isa hakusulubiwa, ipo katika Suratun-Nisaa. Mzee wa watu hana ugomvi na simba. Kamkabidhi mtoto ajifunze hesabu, wewe umempa na Ijumaa Kuu. Shule za serikali kipindi cha dini kila mtoto anakwenda kwa mwalimu wa dini yake. Wewe ulimuuliza?

Mimi mwenyewe nilisoma shule ya misheni, nikaimba nyimbo za Krismasi mpaka nikawekwa sauti ya pili, na swala sijawahi kuacha. Ila baba yangu alikuwa anajua. Alikuja hata kwenye tamasha, akakaa mstari wa mbele na kofia yake.

Mama wa Kibarazani:
Sikumuuliza kwa sababu si somo la dini, ni hadithi. Hakuna mahali kwenye kitabu Yesu ametajwa. Wakristo wanaona Yesu, mwingine anaona simba mwenye huruma. Mtoto wangu mdogo haoni lolote, anasubiri vita. Na mwanzoni nilimwambia baba yake kutakuwa na hadithi, akasema sawa.

Ustaadh Kando:
Umeanza uzi kwa kusema simba ni nani, Mkristo yeyote anajua. Chagua moja.

Mwalimu Mstaafu:
Na usije ukajidanganya ukaendelea na vitabu vyote saba vya Narnia. Hiki cha kwanza kinabebeka. Cha The Horse and His Boy cha 1954 na cha mwisho cha 1956 vina watu wa Calormen, wanavaa vilemba, wana panga za kupinda, na wengi wao ndio wabaya. Wasomaji wengi wameshalalamika kwamba hao ni Waarabu na Waturuki waliobadilishwa jina. Ni kweli cha mwisho kina askari wao mmoja, Emeth, aliyemtumikia mungu wao maisha yake yote na simba akampokea. Lakini jaribu kumweleza hilo baba wa Ujiji, kwamba mtu wake mwema anakubaliwa mwishoni na simba wa kwenu.

Chai Moto:
Samahani wakuu, mimi naona hapa tunapigwa chai. Nimepekua nyuzi za huyu mleta mada. Mwezi wa pili aliuliza bei ya injini ya boti ya Yamaha, ile ya nguvu za farasi arobaini, akaandika "sisi wanaume wa ziwani". Leo ni mama ana mkeka na simba. Mzee mmojawapo anatunga riwaya hapa, mnamsaidia sura.

Mwisho wa Reli:
Duh. Nimevuta kiti.

Mtumishi Mdogo:
Nilihisi. Roho ilinishuhudia.

Mzee wa Migebuka:
Tumpime. Kama kweli uko Kigoma, huyo baba kwa nini aje Jumamosi na si leo?

Mama wa Kibarazani:
Kwa sababu ya mbalamwezi. Taa hazivuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa, boti zinalala ufukweni na wao wanalala nyumbani. Darasa lenyewe lilikua 2024 ziwa lilipofungwa watu wasivue, Mei 15 hadi Agosti 15, watu hawana hela za ada wakaniletea watoto kwa mchele na mafuta. Yeye peke yake alilipa taslimu.

Akaunti ni ya mume wangu, simu moja watu wawili. Injini aliuliza yeye.

Mzee wa Migebuka:
Huyu ni wa huku. Chai Moto, omba radhi.

Chai Moto:
Siombi bado. Mume anauliza injini ya arobaini ya nini? Boti ya nani?

Mama wa Kibarazani:
Boti ni ya baba wa yule mtoto. Mume wangu anamfanyia kazi.

Nauliza Tu:
HAPO SASA. Ungelisema hili tangu mwanzo tusingepoteza muda na Endori. Na uzi huu uko kwenye akaunti ya mumeo, ataukuta.

Mama wa Kibarazani:
Anajua nafundisha, hajui tumefika wapi.

Ustaadh Kando:
Usisubiri Jumamosi. Nenda kesho Ujiji wewe na mumeo, kitabu mkononi, mzee akiwa kwake. Mtu anayefuatwa nyumbani anaongea tofauti na anayekuja kudai. Na mpaka mmeongea, usisome.

Mama wa Kibarazani:
Kwenda nitakwenda. Kutosoma, hapana. Kitabu kina sura 17, tumeishia ya 14 na simba amelala amekufa kwenye meza ya jiwe. Ya 15 ndiyo panya wanatafuna kamba na asubuhi anafufuka. Baba akimtoa kwangu leo, mtoto anabaki na simba aliyekufa maisha yake yote. Hilo siwezi.

Ustaadh Kando:
Na hiyo ya 15 ndiyo hasa asiyoitaka baba yake.

Mama wa Kibarazani:
Najua. Basi nitamwalika aje asikilize, mkeka upo. Asipokuja, Ijumaa saa sita nasoma.

Afisa Mtendaji Asiye na Ofisi:
Usajili hujajibu.

Mzee wa Migebuka:
Msimamizi wa jukwaa, usifunge uzi huu mpaka Jumapili.