Jumamosi ya Zuhura (kikundi cha Familia ya Isevya)

Zuhura: Shikamooni wakubwa wote. Kesho sina kipindi. Jamani, hapa Tabora watu wanaendaga wapi wikiendi? Mimi tangu nianze chuo najua stendi na Soko Kuu tu.

Shangazi Tatu: Marahaba mwanangu. Njoo nyumbani, nachinja kuku.

Dulla: Wikiendi watu wanalala 😂

Baba Mdogo Hamisi: Mwangaluka wote. Dulla, wewe umezaliwa Kitete, umekulia Isevya, na Kwihara hujafika. Nyamaza.

Dulla: Nimefika! Tulipelekwa tukiwa shule ya msingi.

Baba Mdogo Hamisi: Ulilala kwenye lori. Mwalimu wako aliniambia.

Zuhura: Kwihara ndiyo kwa Livingstone, yule mmisionari mpelelezi? Si alikuwa Ujiji?

Baba Mdogo Hamisi: Ujiji ndiko Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alikomkuta, mwaka 1871. Baadaye wakaja huku pamoja, wakafika Kwihara Februari 1872. Machi Stanley akaenda zake pwani, mzee akabaki anangoja wapagazi mpaka Agosti. Ile nyumba ni tembe: paa bapa, kuta nene nyekundu, milango ya kuchonga kama ya Unguja. Jua linawaka nje, ndani kuna baridi.

Mama Zuhura: Shemeji habari za huko. Ni mbali hapo?

Baba Mdogo Hamisi: Nzuri shemeji. Kilomita sita hivi toka mjini. Kwa baiskeli ni kunyoosha miguu tu.

Dulla: Au boda, robo saa umefika.

Baba Mdogo Hamisi: Ukienda na boda utaona mgongo wa dereva. Njia yenyewe ndiyo matembezi. Mtapita kwenye mchanga unaomeza tairi, mtashuka msukume, hapo ndipo mtu anaangalia alipo. Sasa hivi miombo imetoa majani mapya, mengine bado mekundu. Mgeni anadhani msitu umekauka.

Zuhura: Kweli! Nimeiona kwenye basi nikasema huku kumeungua nini 😂

Shangazi Tatu: Na maembe yameanza. Msibebe kisu. Yale madogo ya kienyeji unalibonyezabonyeza mpaka linakuwa uji ndani ya ganda, unang'ata kitobo kichwani, unanyonya. Zuhura vaa nguo ya kazi, utomvu hautoki. Nyuzi za kwenye meno utajijua mwenyewe.

Mama Zuhura: Usiende peke yako. Na bwawani Igombe usiogelee.

Zuhura: Mama, hakuna aliyetaja Igombe.

Dulla: Nilikuwa naelekea huko

Dulla: _Ujumbe huu umefutwa_

Mama Zuhura: Nimeshausoma Dulla.

Dulla: Mamkubwa ni kukaa kando tu, tunaangalia wavuvi na ndege, jua likishuka tunarudi 🙏🏾

Baba Mdogo Hamisi: Igombe si pa kuchezea. Kabla maji ya Ziwa Victoria hayajatufikia, mji ulikuwa unakunywa pale. Nenda siku nyingine, kaa kivulini, usiguse maji.

Zuhura: Mwenzangu wa bweni anataka tupige picha boma la Mjerumani.

Baba Mdogo Hamisi: HAPANA. Pale ni jeshi. Simu ikae mfukoni. Akitaka jengo la Mjerumani aende stesheni, aombe ruhusa kwanza ndipo apige. Reli ilifika hapa 1912, Kigoma ikafika 1914. Treni ya bara ikiingia Tabora inakatwa, mabehewa haya Kigoma, yale Mwanza. Nimefanya kazi hiyo usiku wa mvua, taa mkononi, abiria anakuuliza dirishani "kaka, hili letu linaenda wapi?" na tiketi anayo mwenyewe.

Baba Mdogo Hamisi: Halafu hoteli ile ya zamani jirani na stesheni, ya Mjerumani pia. Kaeni varandani na soda moja moja, hakuna wa kuwafukuza.

Dulla: Kuna na Hifadhi ya Mto Ugalla. Ni hifadhi ya taifa tangu 2019. Viboko, mamba, kila kitu

Mama Zuhura: Kwa gari la nani?

Dulla: 🙈

Zuhura: Kwihara kuna kiingilio?

Baba Mdogo Hamisi: Kipo. Beba kitambulisho cha chuo, uliza bei ya mwanafunzi. Na mtu wa makumbusho akianza kukueleza habari za Livingstone peke yake, muulize ya Chuma na Susi.

Zuhura: Ndio kina nani?

Baba Mdogo Hamisi: Hao ndio waliomrudisha. Mzee alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Wenzake wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa gome la mti na turubai, wakatembea. Oktoba wakafika hapa Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza mwingine, Cameron. Akawaambia mzikeni hapahapa, njia ni mbaya. Wakakataa! Vijana waajiriwa wanamkatalia mzungu, mwaka ule. Mbele ya hapa wakaufunga kama mzigo wa kawaida ili vijijini wasizuiwe, Februari 1874 wakaingia nao Bagamoyo.

Dulla: Hii shuleni hatukuambiwa

Baba Mdogo Hamisi: Mliambiwa. Wewe ulikuwa kwenye lori.

Shangazi Tatu: Hahaha. Na Wanyamwezi ndio waliokuwa wakibeba mizigo ya misafara yote hiyo, watu wetu. Leo Dulla ndoo ya maji inamshinda.

Zuhura: Baba mdogo umeniamsha. Kesho naenda.

Shangazi Tatu: Mvua imenyesha juzi, njiani mtakuta kina mama na ndoo za uyoga. Nunueni kwao. Msiokote wenyewe, hata mkiuona mweupe mzuri namna gani. Asali msinunue barabarani, mimi nina mtu wangu wa Sikonge.

Zuhura: Sawa shangazi. Baiskeli je?

Dulla: Yangu ipo ila breki ni miguu

Mama Zuhura: Mwanangu hapandi hiyo.

Baba Mdogo Hamisi: Zuhura achukue ya kwangu, Phoenix, haina maringo. Dulla kaazime kwa jirani, na fundi wa pale kona akaze breki leo leo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe mlangoni kwangu, kabla jua halijapanda.

Dulla: Saa kumi na mbili na nusu??? Jumamosi?

Zuhura: Mimi nipo 💪🏾 Pampu nani anayo?

Baba Mdogo Hamisi: Ninayo. Na mimi nakuja, nimeshaongea na mtu anayeniazima baiskeli.

Dulla: Basi tumekwisha. Kila mwembe utakuwa na historia yake, kurudi ni magharibi.